Mgeni Siku ya Tatu: Mume na Mke wa Misheni Chini ya Rwenzori

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kumkaripia mgeni mvivu asije akawa mzigo kwa mwenyeji wake. Lakini inao upande wa pili ambao watu huusahau. Jembe halipewi mpita njia. Anayepewa jembe ameonyeshwa shamba, amejulishwa mpaka wa jirani, na amehesabiwa miongoni mwa watakaokula mavuno. Siku mbili za kwanza mgeni hukirimiwa. Siku ya tatu ndipo anapokubaliwa.

Jamaa za askari na polisi huijua siku hiyo ya tatu kuliko watu wengine. Amri ya uhamisho hufika, mizigo hufungwa, watoto hutolewa shuleni katikati ya muhula, na baada ya juma moja mama wa nyumba amesimama kisimani, ndoo mkononi, hajui hata namna ya kumwamkia mwenziwe aliyemtangulia. Mumewe anayo sare na kazi yake imekwisha kupangwa. Hata asiposema neno, watu watajua yeye ni nani. Mke hana sare. Yeye ndiye atakayeujulisha mtaa ni watu wa namna gani waliohamia.

Juma hili yasimuliwa maisha ya mume na mke waliokaa magharibi ya Uganda zaidi ya miaka 120 iliyopita, nao walikuwa wageni kupita kiasi: Kasisi Arthur Fisher na mkewe Ruth, wa chama cha misheni cha Church Missionary Society cha Uingereza. Habari yao yafaa kusomwa na mtu wa dini yoyote, kwa kuwa iliwapasa kujifunza upya mambo madogo ya kila siku: kula, kulala, kusalimu, kusikiliza. Mengi waliyajifunza vizuri. Mengine hawakuwekwa mahali pa kuyaona, na mambo hayo ndiyo yaliyowagharimu watu wengine baada yao.

WALIVYOFIKA

Arthur Fisher alianza kazi Uganda katika miaka ya mwanzo ya 1890, wakati ambapo hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Ruth Hurditch, binti wa mhubiri wa Kiingereza, alifika mwaka 1900. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa bado haijafika Kisumu. Ilifika huko mwaka 1901. Kwa hiyo wasafiri wa wakati ule walishuka mahali reli ilipokomea, kisha wakaendelea kwa miguu pamoja na wapagazi. Ruth alipelekwa Toro akiwa na mwenzake, Edith Pike, na wanawake hao wawili walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoka Ulaya kuishi katika nchi hiyo. Mwaka 1902 Ruth na Arthur wakaoana.

Nchi waliyoiingia ilikuwa imechoka kwa vita. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alimrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme wa Toro, akajenga ngome kadhaa. Mojawapo aliijenga Katwe, ng'ambo ya rasi ya Mweya, ili kulilinda ziwa la chumvi. Ngome hizo ziliachwa mikononi mwa askari wa Kisudani, na muda si muda raia wakalalamika kwamba watu walioletwa kuwalinda walikuwa wakiwapora mifugo na chakula. Baadaye askari hao wakaondolewa. Kasagama naye alilazimika kukimbilia milimani majeshi ya Kabarega wa Bunyoro yaliporudi, kabla hajarudishwa tena.

Askari anayesoma habari hii aitazame kwa makini. Ngome ilijengwa kwa miezi michache. Jina baya la waliokaa ndani yake lilidumu kuliko kuta zake. Mgeni yeyote aliyefika Toro baada ya hapo, mwenye bunduki au mwenye kitabu, alitazamwa kwanza mikononi: amekuja kuchukua nini?

NYUMBA, CHAKULA NA FUNZA

Wageni wa siku zile walizoea nyumba za mawe na vioo. Kabarole, mji wa mfalme ulio karibu na mahali paitwapo leo Fort Portal, nyumba zilijengwa kwa miti, matete na nyasi. Nyumba ya matete ina kanuni zake. Moshi wa jikoni, unaomliza machozi asiyezoea, ndio unaozuia wadudu kula paa. Majani yanayotandikwa sakafuni hubadilishwa kwa wakati wake. Mwenyeji hayaelezi mambo haya kwa maneno. Huyafanya, na mgeni mwenye macho huyaona.

Unga wa ngano, sukari na chai vilitoka pwani vichwani mwa wapagazi, na mzigo uliochelewa haukuwa na dawa ila kula kilicholiwa na jirani. Chakula cha Batoro ni kalo, yaani ugali wa ulezi, na ndizi za kupikwa. Pamoja na kalo kuna kitoweo kiitwacho firinda, ambacho mama yeyote wa kambini anaweza kukipika leo. Maharage hulowekwa usiku kucha hata ganda lilegee, kisha humenywa moja moja kwa vidole. Huchemshwa mpaka yaive kabisa, yakapondwa, yakatiwa chumvi na samli. Kazi ya kumenya ni ndefu, wala haifanywi na mtu mmoja. Wanawake huketi pamoja na bakuli katikati. Mgeni asiyejua lugha anaweza kumenya maharage. Mikono yake ikiwa bakulini, masikio yake yanasoma.

Tena kulikuwa na funza. Mdudu huyu si wa asili ya Afrika. Alivushwa bahari kutoka Amerika ya Kusini, akafika Angola mwaka 1872, akasambaa barani kwa nyayo za wapagazi na misafara, na katika miaka ya 1890 alikuwa amekwisha kuingia Uganda. Aliyechelewa kumtoa alipoteza kucha, pengine kidole. Wageni hawakujua namna ya kumtoa. Wenyeji, hasa wanawake na watoto, walijifunza upesi kumchokoa kwa mwiba au sindano pasipo kumpasua. Basi ilimpasa mgeni, awe kasisi au ofisa, akae kitako na kumpa mwenyeji mguu wake. Hapo cheo hakikusaidia kitu. Mwenye ujuzi alikuwa mtoto mwenye sindano, na mwanafunzi alikuwa mtu mzima aliyeuma meno.

ULIMI NA JINA

Walimu wa kwanza wa dini waliofika Toro walikuwa Waganda, na kitabu chao kilikuwa cha Kiganda. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896. Wapo waliodhani kwamba hiyo ingetosha kwa nchi zote za jirani, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu na gharama ya kuchapa vitabu ni kubwa. Lakini Batoro walitaka kusoma kwa lugha ya nyumbani kwao. Mmisionari mwenzao Fisher, Maddox, alitoa sarufi ya lugha hiyo mwaka 1902. Agano Jipya likachapwa mwaka 1905, na Biblia yote mwaka 1912.

Jambo hili halikuwa la vitabu tu. Mwaka 1907, huko Bunyoro, machifu wenyeji walikataa kutawaliwa na machifu wa Kiganda waliowekwa na Waingereza, na msimamo wao ukajulikana kwa neno Nyangire, yaani nimekataa. Mmojawapo wa uchungu wao ulikuwa kuona lugha ya watu wengine ikitumiwa barazani na kanisani kana kwamba yao si lugha. Mtu aweza kuvumilia kodi kwa muda mrefu. Kudharauliwa ulimi wa mama yake ni jambo jingine.

Ruth alifundisha wanawake kusoma, nao walimfundisha kusalimu. Katika Toro salamu haikamiliki bila empaako. Hilo ni jina la heshima na upendo ambalo kila mtu hupewa pamoja na jina lake: Amooti, Akiiki, Abwooli, Adyeri, Atenyi, Araali na mengine machache, kwa jumla hayazidi kumi na mawili, na moja kati ya hayo, Okaali, ni la mfalme. Asubuhi mtu humwuliza mwenziwe alivyolala, oraire ota, akitaja na empaako yake. Asiyeijua huiuliza kwanza. Kwa hiyo watu wawili hawawezi kusalimiana vyema pasipo kila mmoja kumjua mwenziwe kidogo. Mgeni anayekaa hupewa empaako yake, naye tangu siku hiyo ana mahali pa kusimama. Mwaka 2013 shirika la UNESCO liliiandika desturi hii miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, likiwataja Batoro, Banyoro, Batuku, Batagwenda na Banyabindi.

HADITHI ZA JIONI

Jioni, kazi zikiisha, moto huwashwa na hadithi huanza. Ruth Fisher alizisikiliza hadithi hizo kwa miaka, na mumewe alipohamishwa kwenda Hoima katika Bunyoro aliendelea. Kasagama wa Toro na Duhaga wa Bunyoro, wafalme wawili ambao watangulizi wao walikuwa maadui, wote walimpa masimulizi ya nchi zao: habari za mfalme Isaza na Nyamiyonga wa kuzimu, habari za Ndahura na Wamara wa ukoo wa Bachwezi. Mwaka 1911 kitabu chake kilitoka London. Hata leo wachunguzi wa historia ya Bunyoro na Toro hukirudia, kwa kuwa wazee waliojua habari hizo walikwisha kufa na wengi hawakuandikwa na mtu mwingine.

Lakini kitabu hicho kina kasoro inayoonekana kabla hakijafunguliwa. Jina lake ni Twilight Tales of the Black Baganda, yaani hadithi za machweo za Waganda weusi. Hadithi zenyewe si za Waganda. Ni za Bunyoro na Toro, na Bunyoro ilikuwa imepigana na Buganda na kupoteza ardhi. Msomaji wa Uingereza alilijua jina la Uganda, basi jina likapachikwa juu ya mali ya watu wengine. Kitabu cha kwanza cha mama huyo, kilichotoka mwaka 1905, nacho kiliwaita watu wa msitu wa Ituri kwa jina ambalo leo wenyewe hawalipendi. Mtu aliyekaa miaka kumi jikoni kwa watu, akila chakula chao na kusikiliza hadithi zao, bado aliweza kuwaandika chini ya jina lisilo lao. Kuishi na watu huondoa ujinga mwingi, lakini hakuuondoi wote, wala hakuuondoi kwa mara moja.

MLIMANI PAMOJA NA BAKONZO

Mwanzoni mwa mwaka 1903, Arthur na Ruth walipanda bonde la mto Mubuku hata wakafika kwenye barafu. Bonde hilo liko katika wilaya ya leo ya Kasese, na maji yake huteremka mpaka ziwa George. Hiyo ilikuwa miaka mitatu kabla ya mwana wa kifalme wa Italia, Duke wa Abruzzi, kufika kileleni mwaka 1906, penye urefu wa mita 5,109.

Kule juu, mambo yaliyowapa Wazungu heshima mjini hayakuwa na kazi. Njia ilijulikana na Bakonzo, wenyeji wa milima. Wao ndio waliojua ni pango lipi halivuji, ni ukingo upi wa kinamasi unaobeba mguu wa mtu, na namna ya kuwasha moto kwa kuni zilizolowa. Theluji wao huiita nzururu, na kutokana na neno hilo mlima umeitwa Rwenzururu, mahali pa theluji. Juu kabisa, kwa imani ya wazee wao, ndipo anapokaa Kithasamba, na mtu hapandi huko kama aendaye sokoni. Mgeni aliyefika barafuni na kurudi salama alirudi kwa sababu Mkonzo alimtangulia na kumwambia hapa kanyaga, pale usikanyage.

Baada ya hapo mume na mke waliteremka, wakarudi Kabarole. Na hapo ndipo penye fundisho kubwa kuliko yote.

MACHO YA MWENYEJI WA KWANZA

Kituo cha misheni kilikuwa mji wa mfalme wa Toro. Walimu wa lugha walikuwa Batoro. Waliokaribisha, waliopika, waliosimulia na waliofasiri walikuwa Batoro au Waganda. Bakonzo walikutana na wageni hao njiani, wakiwa wapagazi na viongozi wa safari, siku chache, kisha wakaachana. Haikuwa nia mbaya ya mtu. Mgeni huiona nchi kupitia dirisha la nyumba aliyofikia, na dirisha la Kabarole lilitazama mlima kwa mbali.

Yaliyofuata yanajulikana. Chini ya mapatano ya mwaka 1900 kati ya Waingereza na Toro, Bakonzo na Baamba waliwekwa chini ya ufalme huo. Kitabu cha Kitoro kilipokwisha kuchapwa, kilichukuliwa kwenda milimani vilevile kama kitabu cha Kiganda kilivyokuwa kimechukuliwa kwenda Toro. Kwa miaka mingi mtoto wa Kikonzo alisoma shuleni na kusali kanisani kwa Kitoro. Batoro, ambao walikuwa wamedai kwa haki lugha yao isimezwe, hawakuona kwamba jirani yao naye alikuwa na dai lilelile.

Ghadhabu ya kutawaliwa bila kusikilizwa ilijitokeza mapema. Tibamwenda, Nyamutswa na Kapolya waliongoza upinzani milimani, wakanyongwa na serikali ya kikoloni mwaka 1921. Mwaka 1962 wajumbe wa Bakonzo na Baamba walitoka katika baraza la Toro, na Isaya Mukirania akaongoza harakati ya Rwenzururu. Miongoni mwa malalamiko yao, lugha shuleni ilikuwa na nafasi yake. Mwaka 1974 sehemu za Bakonzo na Baamba zilitengwa na Toro zikawa wilaya mbali. Mwaka 1982 Charles Wesley Mumbere, mwana wa Isaya, aliteremka na watu wake kwa mapatano na serikali. Na mwaka 2009 serikali ya Uganda iliutambua ufalme wa Rwenzururu.

Hapana mtu wa haki atakayewatwika mume na mke wawili wa misheni mzigo wa historia yote hiyo. Wakuu wa nchi waliamua mengi zaidi yao. Lakini mfano wao unaonya. Walijifunza vizuri kuliko wageni wengi, na bado walijifunza kwa watu wa upande mmoja. Bidii ya kujifunza haitoshi; yafaa kuuliza pia ni nani anayefundisha, na ni nani ambaye hajaulizwa.

KATIKA KAMBI NA VITUO

Rasi ya Mweya iko kati ya ziwa Edward na mfereji wa Kazinga. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaondoa watu wengi katika fukwe hizi, na mwaka 1952 nchi hiyo ikafanywa mbuga ya taifa; miaka miwili baadaye ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Pale Mweya huishi jamaa za askari wa wanyamapori na watumishi wengine kutoka pembe zote za Uganda. Usiku viboko hupanda kutoka majini kuja kula nyasi kati ya nyumba, na mchana ngiri na nguchiro hupita uani. Mama aliyezaliwa mjini hufundishwa na jirani mambo ambayo hayamo katika amri ya uhamisho: asimtume mtoto nje baada ya jua kutua, asisimame kati ya kiboko na maji, asitupe mabaki ya chakula mlangoni.

Jirani huyo huyo ndiye atakayemwonyesha chumvi ya Katwe. Wakati wa kiangazi maji ya ziwa hilo hukauka katika mabwawa madogo ambayo jamaa hurithishana, na wanaume kwa wanawake huvuna humo chumvi kwa kazi inayochubua ngozi. Chumvi ya mawe ya Katwe ina magadi ndani yake, na magadi hulainisha maharage upesi. Anayeinunua sokoni ajue kwamba ananunua jasho la watu, asiombe kupunguziwa bei hata aibu imtoke.

Kasese na Bwera, lugha ya nyumbani ni Lukonzo. Salamu ya asubuhi kwa mtu mmoja ni wabukire. Kwa wengi ni mwabukire. Shukrani ni wasingya. Maneno matatu hayo hujifunzwa kwa dakika tano, na hufungua milango mingi. Chakula cha nyumba nyingi ni bundu, ugali wa muhogo, pamoja na kisamvu au samaki wa ziwani. Anayekaribishwa ale, hata kama ni matonge mawili.

Majina nayo yana elimu yake. Bakonzo huwapa watoto majina kwa kufuata mpango wa kuzaliwa. Mumbere ni jina la mtoto wa kwanza wa kiume, Bwambale la wa pili. Kwa wasichana, Masika ni wa kwanza na Biira ni wa pili. Karani mgeni wa kituo cha polisi akiandika akina Bwambale saba kwa siku moja, asidhani watu wanamficha majina yao ya kweli. Ni watoto wa pili saba. Ujuzi mdogo kama huo waweza kumwokoa raia asiye na hatia asilale rumande, na ukamwokoa polisi asiandike uongo pasipo kujua.

Tena kuna suala la Kiswahili. Katika soko la Mpondwe, penye mpaka wa Congo, Kiswahili ni lugha ya biashara, na watu wa pande mbili za mto Lhubiriha, Bakonzo wa huku na Banande wa kule, ni ndugu wa damu moja. Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lakini ukweli usifichwe: wapo wazee wengi katika nchi hii ambao walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kizuizini, katika miaka ya utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki aliyewaamuru washuke garini. Kwao neno la Kiswahili lilikuwa amri kabla ya kuwa salamu. Lugha haina kosa. Waliichafua waliosema nayo. Nao wanaoweza kuisafisha ni haohao wa sare na jamaa zao, kwa kuitumia kuomba, kushukuru na kuwapa watu pole.

Kwa hiyo familia iliyohamishwa ifanye mambo machache. Kwanza, majuma mawili ya mwanzo yawe ya kutazama kuliko kusema. Desturi inayoonekana ya kijinga huenda ina sababu kama ya ule moshi unaolinda paa. Pili, mama achague kazi ya mikono ambayo hufanywa kwa pamoja, kama kumenya, kupepeta au kusuka, akae nayo. Tatu, watoto waachwe wacheze na watoto wa raia. Kabla ya muhula kwisha watakuwa wakalimani wa nyumba nzima. Nne, afande wa nyumba asione haya kufundishwa na mkewe au mwanawe lugha ya mahali, kwani yeye hukutana na watu wakiwa na hofu, bali wao hukutana nao wakiwa na amani.

Tano, na hili ndilo zito: asijifunze kwa jirani mmoja peke yake. Kila mahali pana wenye nchi wa zamani na waliokuja baadaye, wakulima na wafugaji, wa mlimani na wa ziwani, wa chama hiki na wa kile. Anayemlaki mgeni mapema, akamletea kuku na kumsimulia habari za wengine, huenda ni mtu mwema. Huenda pia ana kesi na jirani. Mgeni mwenye busara hula kuku kwa shukrani, kisha huenda akawasalimu na wale waliosimuliwa, ili awasikie kwa vinywa vyao.

Arthur na Ruth Fisher walikaa Uganda mpaka karibu na Vita Kuu ya mwaka 1914, wakaondoka. Nyumba za matete walizolala zilianguka zamani. Hadithi walizozisikiliza zingali zinasomwa, na zile ambazo hawakuketi kuzisikiliza zilitafuta njia nyingine ya kujitangaza, njia yenye machozi. Jembe la siku ya tatu humpa mgeni haki ya kulima. Humpa pia wajibu wa kujua shamba linapakana na nani, pande zote nne.